Mwezi wa mavuno: namna ya kuutafuta, kuupima na kuelewa maana yake

Ukimtajia Mswahili "mwezi wa mavuno", huenda kwanza akafikiria kalenda, kwamba ni Juni au Agosti au mwezi wowote watu wanapoingia mashambani na mundu. Lugha yetu inatumia neno moja kwa kile kinachong'aa angani na kwa zile siku thelathini ukutani, na hilo lina sababu yake: watu walianza kuhesabu siku kwa kutazama juu. Hapa nazungumzia ule wa juu, mwezi mpevu mmoja katika mwaka ambao wakulima wa nchi za kaskazini ya dunia waliupa jina kwa sababu uliwasaidia kazi.

Kila Septemba zinasambaa picha za mwezi mkubwa wa rangi ya chungwa umekaa juu ya mlima. Picha hizo zinapendeza, lakini zinamfanya mtu aamini kwamba ukubwa na rangi ndiyo habari yenyewe. Habari yenyewe ni saa. Siku za kawaida, baada ya mwezi kupevuka, kila jioni unachelewa kuchomoza, na kati ya kuzama kwa jua na kuchomoza kwa mwezi panakuwa na giza linalorefuka usiku hadi usiku. Mimi naliita pengo la giza. Mwezi wa mavuno ni ule ambao pengo hilo linakataa kupanuka kwa jioni kadhaa mfululizo. Ukishalipima pengo hilo kwa saa yako mwenyewe, mengine yote utayaelewa kwa urahisi.

Utahitaji daftari, kalamu, rula, saa inayokwenda sawasawa, na mahali ambapo upeo wa macho wa mashariki unaonekana bila kuzibwa. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili ni vizuri, usipokuwa nayo hukosi kitu cha maana.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe

Kanuni ni fupi. Mwezi wa mavuno ni mwezi mpevu ulio karibu zaidi na sikusare ya Septemba. Sikusare ni siku ambayo jua linavuka juu ya ikweta, mchana na usiku vikakaribia kulingana dunia nzima. Ya Septemba huangukia tarehe 22 au 23.

Andika tarehe ya sikusare ya mwaka huo. Chini yake andika miezi mipevu miwili, ule unaoitangulia na ule unaoifuata. Hesabu siku kwa kila upande. Wenye siku chache ndio wenyewe.

Mwaka 2025 ni zoezi zuri kwa sababu mambo yalikaribiana mno. Sikusare ilikuwa tarehe 22 Septemba. Mwezi mpevu wa kabla yake ulikuwa tarehe 7 Septemba, usiku ule ambao mwezi ulipatwa kabisa na ukaonekana mwekundu Afrika, Asia na Australia. Wa baada yake ulikuwa tarehe 7 Oktoba kwa saa za kimataifa. Ukihesabu siku tu, unapata 15 kila upande. Ikabidi kuingia kwenye saa: upande wa Septemba ulikuwa siku 15 kamili, upande wa Oktoba siku 14 na nusu hivi. Kwa hiyo mwezi wa mavuno wa 2025 ulikuwa wa Oktoba, na watu wengi waliousubiri Septemba waliutazama mwezi mwingine.

Mwaka 2026 hauna utata: mwezi unapevuka tarehe 26 Septemba, siku tatu tu baada ya sikusare. Mwaka 2027 ni usiku wa 15 kuamkia 16 Septemba. Mwaka 2028 unarudi Oktoba, tarehe 3. Kumbuka tarehe inaweza kusogea siku moja kulingana na saa za eneo ulipo, kwa hiyo usishangae ukiona kalenda mbili zinabishana. Kwa ujumla mwezi huu hauwezi kutangulia sana tarehe 8 Septemba wala kuchelewa sana baada ya tarehe 7 Oktoba.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda. Miezi kumi na miwili ya angani ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu haiongezi mwezi wa kufidia. Lakini ukikusanya miaka 19 ya jua, ndani yake inaingia miezi 235 ya angani karibu bila salio. Kwa hiyo tarehe zinajirudia. Mwezi ulipevuka tarehe 7 Oktoba 2006, ukapevuka tena tarehe 7 Oktoba 2025. Ulipevuka tarehe 26 Septemba 2007, utapevuka tarehe 26 Septemba 2026. Chukua kalenda ya miaka 19 iliyopita na una jibu, pengine kwa tofauti ya siku moja.

Hatua ya 2: Fahamu uko wapi juu ya dunia

Hapa ndipo maelezo mengi yanapomwacha msomaji njiani, maana yanaandikwa kana kwamba kila mtu anaishi latitudo moja, yaani umbali ule ule wa nyuzi kutoka ikweta. Tafuta latitudo yako kwenye ramani ya simu, kisha ujiweke kwenye mojawapo ya hali tatu.

Ukiwa kaskazini ya mbali, tuseme latitudo 40 kwenda juu, mwezi wa mavuno ni jambo la kweli unaloweza kuliona. Wastani wa mwezi kuchelewa ni dakika 50 hivi kwa siku. Siku hizo, kwenye latitudo 40, unachelewa dakika kama 28 tu. Kwenye latitudo 55 ni kama 17. Ukipanda zaidi kaskazini zinabaki dakika chache mno, hadi mtu anaweza kudhani mwezi umesimama kwenye saa ile ile.

Ukiwa kusini ya mbali, Septemba haikuhusu. Kwako majira yamegeuka, na jambo lile lile linatokea karibu na sikusare ya Machi. Rudia hesabu ya hatua ya kwanza ukitumia tarehe 20 Machi. Kwa 2026 utapata mwezi mpevu wa tarehe 2 Aprili, na kwa 2027 ule wa tarehe 22 Machi.

Ukiwa karibu na ikweta, mwezi wa Septemba unachelewa karibu sawa na mwezi wa Machi, dakika 45 hadi 50 kwa siku. Kwako pengo la giza halizibwi na msimu wowote. Wala usiache kupima, kwa sababu namba zako ndizo zinazoonyesha kwa nini jina hili lilizaliwa kwingine.

Hatua ya 3: Chora sababu kwenye karatasi

Ukisoma maelezo ya jambo hili bila kuchora utasahau kabla ya kesho, kwa hiyo chukua karatasi.

Piga mstari wa kulala katikati. Huo ni upeo wa macho wa mashariki, jua limeshazama nyuma yako, na wewe unatazama mbele. Weka nukta kwenye mstari. Hapo ndipo mwezi mpevu unachomoza leo.

Sasa kumbuka kwamba mwezi unaizunguka dunia. Kila siku unasogea kuelekea mashariki kwa nyuzi kama 13 mbele ya nyota. Kwa hiyo kesho saa kama hii utakuwa umerudi chini ya upeo, na dunia italazimika kujizungusha zaidi kidogo mpaka uonekane. Swali ni moja tu: utakuwa umezama chini ya upeo kiasi gani?

Kutoka kwenye nukta yako, piga mstari unaoshuka kushoto kwa mwinamo mdogo, ukitengeneza pembe ya nyuzi 26 na ule mstari wa upeo. Hiyo ndiyo pembe ya njia ya mwezi jioni ya Septemba kwenye latitudo 40 kaskazini. Pima sentimita 3 juu ya mstari huo, weka alama: mwezi wa kesho. Sentimita 3 nyingine: mwezi wa keshokutwa. Kutoka nukta ile ile, piga mstari wa pili unaoshuka karibu wima, nyuzi 73. Hiyo ni jioni ya Machi mahali pale pale. Weka alama zile zile za sentimita 3.

Chukua rula upime kila alama iko chini ya upeo kwa kiasi gani, moja kwa moja kwenda juu. Kwenye mstari wa nyuzi 26, mwezi wa kesho uko chini kwa sentimita 1.3. Kwenye ule wa nyuzi 73, uko chini kwa karibu sentimita 2.9. Mwezi umesafiri umbali ule ule, lakini Septemba sehemu kubwa ya safari yake imekwenda pembeni, sambamba na upeo, na sehemu ndogo tu imekwenda chini. Kwa hiyo dunia inahitaji muda mfupi kuurudisha juu. Hiyo ndiyo sababu nzima ya mwezi wa mavuno.

Ukipenda, chora na mistari ya ikweta. Pembe ni nyuzi 66 na nusu Septemba, na nyuzi 66 na nusu Machi. Mistari miwili yenye mwinamo sawa, kwa hiyo hakuna msimu unaopendelewa.

Mchoro huu unakufundisha na jambo la pili. Kama mwezi unasogea pembeni zaidi kuliko chini, basi mahali unapochomozea panahama upesi. Kwenye latitudo 40, kila jioni mahali hapo panasogea kushoto, yaani kaskazini, kwa nyuzi 7 hivi. Nyosha mkono mbele na uweke pamoja vidole vitatu vya katikati: upana wake ni kama nyuzi 5. Mwezi unahama zaidi ya vidole hivyo vitatu kwa usiku mmoja. Aliyeuona jana juu ya mti fulani akautafuta leo juu ya mti ule ule, ataukosa.

Miaka nayo haifanani. Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi kutoka kwenye njia ya jua, na mwinamo huo unazunguka kwa miaka 18.6. Mwaka 2024 na 2025 ulikuwa upande unaoulaza mstari wako zaidi, na mwezi wa mavuno ukawa na nguvu. Kufikia 2034 hivi utakuwa umegeuka, na kuchelewa kutaongezeka. Anayeweka daftari leo atakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 4: Pima jioni nne

Anza jioni ya mwezi mpevu, au jioni moja kabla. Gawa ukurasa wa daftari katika safu tano. Nne za kwanza ni: tarehe, saa jua lilipozama, saa mwezi ulipochomoza, na pengo kati yake. Katika ya tano andika umeuona juu ya nini, mti gani, paa gani, mlingoti gani. Safu hiyo ya mwisho nadhani ndiyo inayoleta raha, ingawa wengi wanaipuuza.

Simama mahali pale pale kila jioni. Nasisitiza hili kwa sababu liliniharibia kazi. Mara ya kwanza nilipopima, jioni ya kwanza nilikuwa juu ya paa na jioni ya pili nilikuwa uani, nimechoka kupanda ngazi. Daftari likasema mwezi umechelewa saa moja na dakika kumi. Nikakaa nikitafuta maelezo ya kifalaki ya namba hiyo, kumbe uani kulikuwa na ukuta wa jirani, na mwezi ulikuwa umeshachomoza zamani nyuma yake. Kama huna upeo mtupu, chagua kizuizi kilichonyooka kama ukingo wa paa refu, upimie hapo jioni zote nne.

Namba zako zitafuata mwenendo kama huu. Tuseme jua linazama saa 12:00 jioni na mwezi wa jioni ya kwanza unachomoza saa 12:05. Karibu na ikweta, jioni zinazofuata utaandika karibu saa 12:52, saa 1:39, saa 2:26. Kwenye latitudo 40: saa 12:33, saa 1:01, saa 1:29. Kwenye latitudo 55: saa 12:22, saa 12:39, saa 12:56.

Kisha ongeza kitu ambacho saa peke yake haikisemi: utusitusi. Karibu na ikweta jua linazama wima, na mwanga wa jioni unaotosha kufanyia kazi unakwisha ndani ya dakika kama 20. Kwenye latitudo 55 jua linateleza pembeni, na mwanga huo unadumu zaidi ya nusu saa, kisha unafifia polepole. Weka mambo haya mawili pamoja. Aliye latitudo 55, jioni ya tatu mwezi unamtokea wakati mwanga wa jioni ndio kwanza unaanza kumwacha, na ya nne wakati anga bado halijawa jeusi. Aliye ikweta, jioni ya pili tu ameshakaa gizani karibu nusu saa, na ya nne karibu saa mbili. Hapo ndipo pengo la giza linapoacha kuwa namba kwenye daftari.

Hatua ya 5: Utazame ukichomoza

Fika dakika kumi kabla jua halijazama, na ulipe jua mgongo. Anga likiwa safi, jua likishazama tu, utaona upande wa mashariki ukanda wa rangi ya kijivu cha samawati ukipanda kutoka kwenye upeo, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe kikitupwa angani. Mwezi mpevu uko mkabala na jua, kwa hiyo unachomoza ndani ya kivuli hicho au jirani nacho. Mara ya kwanza utauona kama doa hafifu, halina mng'ao, mtu anaweza kulipita. Baada ya dakika chache doa hilo linakuwa mwezi.

Rangi ya chungwa inatokana na hewa. Mwezi ukiwa chini, mwanga wake unapita kwenye unene mkubwa wa hewa, rangi ya samawati inatawanyika njiani na nyekundu na njano ndizo zinazofika. Mwezi mpevu wowote ulio chini unafanya hivyo. Sifa ya mwezi wa mavuno ni kwamba unaukuta chini wakati bado uko nje na macho yako wazi, jioni kadhaa mfululizo, ndiyo maana watu wanaukumbuka kwa rangi.

Kuhusu ukubwa, fanya jaribio. Kunja karatasi iwe bomba jembamba, tazama mwezi ulio juu ya upeo kupitia bomba hilo, na ulikaze mpaka tundu litoshee mwezi tu. Lifunge kwa gundi lisilegee. Baada ya saa tatu, mwezi ukiwa juu na unaonekana "umepungua", utazame tena kupitia bomba lile lile. Unatosha vile vile. Kwa kweli ukiwa kwenye upeo ni mdogo kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu uko mbali nawe zaidi kwa takriban nusu ya kipenyo cha dunia. Ni akili inayoukuza unapokuwa jirani na miti na nyumba. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa karne ya 11, alishaeleza kwamba ukubwa huo uko katika namna tunavyokadiria umbali, na hata leo wataalamu hawajamaliza kujadiliana. Mwezi mzima, uwe juu au chini, unafunikwa na ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umenyooshwa. Watoto hawaamini mpaka wajaribu.

Ukitumia darubini, usitarajie kuona mabonde vizuri. Mwezi mpevu unaangazwa kutoka mbele, hakuna vivuli. Tafuta badala yake shimo la Tycho upande wa kusini wa mwezi, lenye upana wa kilomita kama 85, na miale myeupe inayotoka kwake kama maji yaliyorushwa ukutani.

Kwa picha ya simu, gusa mwezi kwenye kioo kisha ushushe mwanga mpaka uone madoa yake. Piga mapema, mazingira yakiwa bado na mwanga, la sivyo utapata taa nyeupe kwenye weusi.

Hatua ya 6: Simama mahali pa mkulima

Sasa zima taa, na kama unaweza, nenda mahali ambapo hakuna taa kabisa. Beba ukurasa ulioandikwa, kitambaa chekundu na jani bichi.

Jua lina mwanga mara 400,000 hivi kuliko mwezi mpevu, na bado utashangaa. Macho yakishazoea, utaona njia, utaona mikono yako, utaona kivuli chako. Vichwa vya habari utasoma, maandishi madogo yatakushinda. Lakini kitambaa na jani vitakuwa na rangi moja, kijivu, kwa sababu sehemu ya jicho inayofanya kazi kwenye mwanga hafifu haitambui rangi. Kwa mwanga huu mtu hawezi kutenganisha mbegu nzuri na mbovu. Anaweza, hata hivyo, kukusanya mabua yaliyokwishakatwa, kuyafunga miganda, kuisimamisha ikauke, na kuipakia mkokoteni kupeleka ghalani.

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikisubiri Ulaya ya kaskazini katika Septemba za kabla ya mashine. Ngano na shayiri vikiiva havina subira. Ukichelewa punje zinapukutika, mvua ikinyesha zinaota zikiwa bado kwenye suke. Na wakati huo huo mchana unakimbia: kwenye latitudo 50, Septemba, kila siku inapoteza zaidi ya dakika tatu za mwanga. Mtu ana shamba zima la kuvuna na siku inayofupika mikononi mwake. Kisha unakuja mwezi unaochomoza jua likizama, kesho tena karibu saa ile ile, keshokutwa tena. Haulazimishi mtu kuweka mundu chini asubiri gizani. Kazi ya mchana inaunganika na kazi ya usiku.

Kwa hiyo mtu akikuambia mwezi wa mavuno unaivisha mazao, mwambie hapana. Ulichowapa watu ni saa za ziada, katika wiki ambazo saa zilikuwa na thamani kuliko fedha. Waingereza wameutaja kwa jina hili tangu miaka ya 1700, na neno lenyewe la Kiingereza kwa mavuno, harvest, hapo kale lilikuwa hærfest na lilimaanisha majira yale ya majani kupukutika. Ndugu yake wa Kijerumani, Herbst, bado lina maana hiyo. Msimu na kazi vilikuwa neno moja.

Mwezi mpevu unaofuata huitwa mwezi wa mwindaji. Nao unachelewa kidogo kila jioni, ingawa si kwa kiasi kile kile. Mashamba yakiwa yameshakatwa, mnyama hakuwa na pa kujificha. Kwa 2026 ni tarehe 26 Oktoba.

Hatua ya 7: Fuatilia sikukuu zilizofungwa kwenye mwezi huu

China wanasherehekea siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao. Mwezi huo wa nane, kwa kanuni ya kalenda, lazima uwe na sikusare ya Septemba ndani yake. Kwa hiyo sherehe yao na mwezi wa mavuno hukutana, mwaka baada ya mwaka, bila upande mmoja kumuuliza mwenzake. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 6 Oktoba, na mwaka 2026 ni tarehe 25 Septemba. Familia hukutana, hula keki za duara zinazofanana na mwezi, na humtaja Chang'e, mwanamke wa hadithi anayeishi mwezini na sungura wake. Vyombo vya China vilivyotua mwezini vimepewa jina lake, na gari dogo lililoshuka huko mwaka 2013 likaitwa Yutu, yaani sungura wa jade.

Korea siku hiyo hiyo ni Chuseok, na uzito uko kwa wazee waliotangulia: chakula cha mavuno mapya huandaliwa kwa kuwakumbuka, na makaburi hutembelewa. Japani ni Tsukimi, utazamaji wa mwezi, wakiweka vitumbua vya unga wa mchele na mashuke ya nyasi karibu na dirisha. Vietnam ni usiku wa watoto na taa za karatasi.

Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi nayo ni ya mavuno, na inaanza mwezi ukiwa mpevu, siku ya 15 ya mwezi wa Tishri. Lakini angalia: kalenda yao huongeza mwezi mzima miaka fulani, na sikukuu inasogea mbele. Mwaka 2024 mwezi wa mavuno ulikuwa tarehe 18 Septemba, wao wakaanza jioni ya tarehe 16 Oktoba. Mwaka 2026 vinakutana tena. Ukiweka sikukuu hizi kwenye ukurasa mmoja wa daftari, utaanza kuona kila jamii ilivyopatanisha jua na mwezi.

Hatua ya 8: Rudia baada ya miezi sita

Daftari la msimu mmoja lina nusu ya habari. Subiri mwezi mpevu wa sikusare nyingine, usimame mahali pale pale, jioni nne. Aliye kaskazini atakuta mwezi wa Machi unamtoroka: kwenye latitudo 40 unachelewa zaidi ya saa nzima kila jioni, na kufikia jioni ya tatu anakuwa amesubiri zaidi ya saa mbili tangu jua lizame. Aliye kusini atakuta mambo yamegeuka. Aliye ikweta atafungua ukurasa wa Septemba, atauweka kando ya ule wa Machi, na safu zake mbili za pengo zitakaribia kulingana, jioni kwa jioni.